Njia za Hisi: Mguso, Mkao wa Mwili na Historia ya Ukoma na Konzo katika Masasi na Newala

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya maradhi mawili ya neva, ukoma na konzo, katika nchi ya Masasi na Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania. Lengo lake ni kuonesha jinsi mfumo wa neva unavyosafirisha hisi ya mguso na hisi ya mkao wa mwili. Hoja inayojengwa ni kwamba hisi hizo hazisafiri kwa njia moja, na kwamba kila ugonjwa hukata njia yake na kuziacha nyingine. Ukoma huondoa mguso na maumivu lakini kwa kawaida humwachia mgonjwa uwezo wa kujua mguu wake uko wapi. Konzo humwachia mgonjwa mguso na hisi ya mkao, ila humnyima njia ya kuamuru miguu. Insha inaeleza pia kwamba uhaba wa maji katika uwanda wa Makonde umeyagusa maradhi yote mawili, na kwamba kutotofautisha njia za neva kumewagharimu wagonjwa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku maneno ganzi na kupooza hukaribiana mno. Mguu uliokaliwa kwa muda mrefu husemwa kuwa umekufa ganzi. Mguu usioweza kubeba mwili husemwa kuwa umepooza, na watu wengi hudhani kwamba mguu uliopooza hauna hisia pia. Lugha haina kosa katika jambo hili, kwa kuwa hueleza kile kinachoonekana kwa nje. Hata hivyo, ndani ya mwili hali hizo mbili hutokana na kuharibika kwa njia tofauti, na anayezichanganya huweza kumtibu mtu kwa ugonjwa asiokuwa nao, au kuacha kumkinga na hatari iliyo mbele yake.

Masasi na Newala zinafaa kwa uchunguzi wa jambo hili kwa sababu maradhi ya aina zote mbili yameijia nchi hiyo kwa nyakati tofauti. Newala imekaa kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi hushuka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wameishi humo kwa kuchanganyika, wakilima mtama, muhogo na, tangu karne ya 20, mikorosho.

Historia ya tiba ya nchi hiyo imeandikwa zaidi kwa kufuata misheni na serikali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Masasi pamoja na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, akaanzisha kituo. Wamisionari Wabenediktini nao walijenga Ndanda, chini ya mteremko wa uwanda, mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya awali kuharibiwa katika Vita vya Majimaji. Mwanahistoria Terence Ranger alionesha jinsi tiba ya misheni ilivyopokelewa Masasi kwa namna zilizokinzana: watu waliikubali sindano bila kuyakubali yote yaliyoambatana nayo. Insha hii inafuata njia nyingine. Badala ya kuanza na taasisi, inaanza na mwili wenyewe: ni hisi gani iliyopotea, na ipi iliyobaki?

2.0 Njia za Kupanda na Njia ya Kushuka

Hisi ya mguso huanzia kwenye ngozi. Ndani ya ngozi mna vipokezi vya aina kadhaa, na wataalamu wa anatomia wa Ulaya wa karne ya 19 walivipa majina yao: Pacini, Meissner, Merkel na Ruffini. Vingine hutambua mguso mwepesi unaopita, vingine shinikizo linaloendelea, vingine mtetemo, na vingine kuvutwa kwa ngozi. Mkono unaopapasa unga ili kujua kama umekauka hutumia vipokezi hivyo kwa pamoja bila mwenye mkono kutambua kazi hiyo.

Hisi ya mkao wa mwili huanzia mahali pengine. Ndani ya misuli mna vipokezi vinavyopima urefu wa msuli na kasi ya kunyooka kwake. Kwenye kano mna vingine vinavyopima nguvu ya mvuto, na kwenye viungo mna vya kutambua pembe ya mkunjo. Kwa msaada wa taarifa hizo, mwanamke aliyebeba ndoo kichwani na kupanda mteremko huweka mguu mahali pake bila kuutazama. Mwaka 1906, mwaka uleule Ndanda ilipojengwa, mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington aliipa hisi hii jina lake la kitaalamu na kuitenga na hisi zinazotoka nje ya mwili. Kabla ya hapo, katikati ya karne ya 19, Moritz Romberg wa Berlin alikuwa amekwisha kuonesha kwamba mtu aliyepoteza hisi hiyo huweza kusimama akiwa amefumbua macho, lakini huyumba au kuanguka anapoyafumba. Macho yalikuwa yakifanya kazi ya neva.

Kutoka kwenye vipokezi, taarifa husafiri katika nyuzi za neva. Nyuzi za mguso mwepesi na za mkao wa mwili ni nene, zimefunikwa kwa utando wa mafuta, na hupitisha taarifa kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Nyuzi za maumivu na za joto ni nyembamba. Zile nyembamba kabisa, zisizo na utando huo, hupitisha taarifa kwa kasi ya kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo, mtu anayejikwaa kwenye jiwe hujua kwanza kwamba amegusa kitu, na ule uchungu mzito humfikia baadaye kidogo.

Nyuzi hizo zinapoingia katika ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, hugawanyika. Nyuzi nene hupanda upande wa nyuma wa ugwe, upande uleule zilikoingilia, hadi kwenye shina la ubongo. Seli moja tu huweza kuunganisha kidole gumba cha mguu na shina la ubongo, umbali wa karibu mita moja na nusu kwa mtu mzima. Hapo hupokelewa na seli ya pili, ambayo huvuka upande wa pili na kufika kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Seli ya tatu hukamilisha safari hadi kwenye gamba la ubongo, ambako mwili wote umepangwa kama ramani. Katika ramani hiyo vidole na midomo vina eneo kubwa kuliko mgongo, kwa kuwa vina vipokezi vingi zaidi. Nyuzi za maumivu na joto hazifuati njia hiyo. Seli inayozipokea huvuka upande wa pili ndani ya ugwe wenyewe, karibu na zilipoingilia, kisha hupanda kwa njia ya mbele na ya pembeni. Tawi jingine la taarifa za mkao hupelekwa kwenye ubongo mdogo, ulio nyuma ya kichwa, ambao hurekebisha mwendo bila mtu kuufikiria.

Zaidi ya njia hizo za kupanda, ipo njia ya kushuka. Huanzia kwenye gamba la ubongo linaloamuru misuli, huvuka kwenye shina la ubongo na kushuka ndani ya ugwe hadi kwenye seli zinazopeleka amri kwenye misuli. Njia hii haibebi hisi yoyote. Kazi yake ni kuamuru, na pamoja na hiyo kutuliza, kwani huizuia misuli isiitikie kupita kiasi kila inapovutwa. Mambo haya matatu, yaani njia ya mguso na mkao, njia ya maumivu na joto, na njia ya amri, ndiyo msingi wa uchambuzi unaofuata.

3.0 Ukoma: Hisi Inapopotea Mwanzoni mwa Njia

Vimelea vya ukoma vilitambuliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwe, mwaka 1873. Vimelea hivyo hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi: ngozi, pua, na neva zinazopita karibu na ngozi, kama vile nyuma ya kiwiko, kwenye kifundo cha mkono, pembeni mwa goti na nyuma ya kifundo cha mguu. Huingia ndani ya seli zinazozifunika nyuzi za neva, na mwili unapopambana navyo neva huvimba na kuumia. Kwa kawaida hisi ya joto na baridi hutangulia kupotea, hufuata maumivu, kisha mguso mwepesi. Baka lililofifia kwenye ngozi, lisilohisi ncha ya unyoya au pamba, limekuwa dalili ya kutambulisha ukoma kwa vizazi vingi.

Jambo lisilozingatiwa sana ni lile ambalo ukoma huliacha. Neva zinazotoka kwenye misuli mikubwa na viungo vya ndani, kwenye joto la mwili, kwa kawaida hunusurika kwa muda mrefu. Mgonjwa akifumba macho na kidole gumba cha mguu wake kikainuliwa, mara nyingi hujibu sawasawa kwamba kimekwenda juu. Anajua mguu uko wapi. Asichokijua ni kwamba umekanyaga kaa la moto au mwiba. Hatari ya ukoma imo katika mchanganyiko huo. Mtu mwenye kidonda cha kawaida huchechemea, na kuchechemea huko hukipa kidonda nafasi ya kupona. Mtu wa ukoma hutembea kwa hatua kamili, iliyo imara, juu ya kidonda chake, kwa sababu njia ya mkao inafanya kazi na njia ya maumivu imekatika.

Kwa miaka mingi iliaminiwa, Afrika, Asia na Ulaya, kwamba vidole vya mgonjwa wa ukoma huoza kwa nguvu ya ugonjwa wenyewe. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokana na majeraha ya kawaida: moto usiohisiwa, kiatu kinachobana, jembe linaloshikwa kwa nguvu kupita kiasi. Katika nchi ya Masasi na Newala majeraha hayo yalikuwa sehemu ya maisha. Watu walitembea pekupeku kwenye njia za mawe, walipika kwa mafiga, na walipobangua korosho walishika ganda lenye mafuta yanayobabua ngozi. Mkono wenye hisi huachia upesi kitu kinachounguza. Mkono usio na hisi huendelea kushika.

Tiba ya ukoma kusini-mashariki ilianza kabla ya maarifa hayo. Wagonjwa walihudumiwa na misheni, na makazi yao yaliwekwa kando, kama pale Mwena karibu na Ndanda, na Lulindi upande wa Waanglikana. Katika kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia, dawa iliyotumika katika makoloni mengi ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yaliyodungwa kwa uchungu na kwa faida ndogo. Wakati huohuo sindano za ugonjwa wa buba zilikuwa zikiponya vidonda kwa siku chache na kuvuta umati wa watu kwenye zahanati za misheni. Kwa macho ya mwanakijiji, vidonda vya buba na vidonda vya ukoma vyote vilikuwa vidonda. Kwamba sindano iliponya vile vya kwanza na kushindwa vile vya pili kulihitaji maelezo, na maelezo sahihi hayakuwa kwenye ngozi bali kwenye neva. Buba huharibu ngozi na mifupa ilhali neva zikibaki salama, kwa hiyo mgonjwa aliyepona hulinda mguu wake kama mtu mwingine yeyote.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vidonge vya dapsoni vilileta badiliko kubwa. Kwa mara ya kwanza vimelea viliweza kudhibitiwa kwa dawa rahisi. Vimelea sugu vilipojitokeza, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1981 matumizi ya dawa kadhaa kwa pamoja. Tanzania, iliyokuwa imeanzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ilianza kutumia mseto huo mwaka 1983. Matibabu yaliyokuwa ya miaka mingi yakawa ya miezi, na sababu ya kuwatenga wagonjwa ikaondoka.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalipimwa kwa vimelea. Mtu aliyemaliza dawa aliandikwa kuwa amepona na kuondolewa kwenye daftari, na kwa maana ya maambukizi kweli alikuwa amepona. Neva iliyokufa haikurudi. Dawa za kupunguza uvimbe huweza kuiokoa neva ikiwa udhaifu umegunduliwa mapema, ndani ya takribani miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo, ganzi huwa ya kudumu. Ndiyo maana huduma ya kuzuia ulemavu hufundisha mambo yasiyohitaji dawa: kuikagua miguu kwa macho kila jioni, kuiloweka majini kwa takribani nusu saa, kuikwangua ngozi ngumu, kuipaka mafuta na kuvaa viatu vyenye soli laini ndani na ngumu nje. Kama vile macho yanavyomsaidia mgonjwa wa Romberg kusimama, ndivyo yanavyomsaidia mtu wa ukoma kugundua jeraha. Huchukua zamu ya neva.

4.0 Konzo: Hisi Inapobaki na Amri Kupotea

Ugonjwa wa pili hukata upande mwingine wa mfumo wa neva. Daktari Trolli aliuelezea mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, na jina konzo ni la Kiyaka, likirejelea miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame na vita, ugonjwa huo ulizuka katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukawapata watu zaidi ya 1,000. Huko uliitwa mantakassa. Nampula ni nchi ya Wamakua, na Wamakua wa Masasi ni ndugu zao ng'ambo ya Ruvuma. Daktari Msweden Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, pamoja na Julie Cliff na wenzao, waliuhusisha ugonjwa huo na sayanaidi itokanayo na muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Nchini Tanzania konzo ilichunguzwa kwanza huko Tarime, baada ya mlipuko wa mwaka 1985, na watafiti waliomjumuisha daktari wa neva William Howlett na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe.

Masasi iliingia katika historia hii kwa mlango wa jirani. Mwaka 1988 watu wa wilaya hiyo walipatwa na sumu ya ghafla baada ya kula muhogo: kizunguzungu, kutapika, kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu saa chache baada ya mlo. Mlingi na wenzake waligundua kwamba chakula kilipopungua, kaya zilifupisha maandalizi. Makopa ya kawaida hukaushwa juani kwa siku nyingi. Katika njia iliyoitwa chinyanya, muhogo mbichi ulitwangwa na kuanikwa kwa kurudiarudia ili upatikane unga upesi. Unga huo ulibaki na sumu. Tukio hilo halikuwa konzo, lakini lilionesha kwamba masharti ya konzo yalikuwapo. Mwanzoni mwa karne ya 21 wagonjwa wa konzo walitambuliwa katika mkoa wa Mtwara, ambao Masasi na Newala zimo ndani yake.

Konzo huja ghafla. Mtoto au mwanamke aliyekuwa mzima huamka asubuhi, au hurejea kutoka shambani, akiwa na miguu mizito, na katika muda usiozidi wiki ulemavu huwa umefikia kikomo chake. Hauzidi tena na hauponi. Miguu yote miwili hukakamaa, magoti huvutana, na mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole, kwa fimbo moja au mbili. Wale walioathirika zaidi hutambaa. Mwili huondoa sayanaidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini ya chakula, kwa hiyo anayekula ugali wa muhogo mchungu siku baada ya siku bila maharage, samaki wala nyama hubaki bila kinga. Jinsi hasa sumu hiyo inavyoiharibu njia ya kushuka na kuziacha zile za kupanda ni suala ambalo wanasayansi wanaendelea kulijadili.

Kwa hoja ya insha hii, uchunguzi wa mgonjwa huyo ndio wenye uzito. Akifumba macho, hutambua pamba iliyomgusa mguuni na huonesha mahali ilipogusa. Kidole chake kikiinuliwa au kushushwa, hujibu sawasawa. Hujua kwamba mguu wake umepinda, hujua umepinda kiasi gani, na hawezi kuunyoosha. Goti lake likigongwa kwa nyundo ndogo, mguu huruka kwa nguvu kuliko wa mtu mzima. Tendo hilo hutafsiriwa kama dalili ya udhaifu wa njia ya amri, na ni kweli, lakini ni ushahidi pia wa upande wa hisi. Pigo la nyundo huvuta msuli, kipokezi cha urefu kilichomo ndani ya msuli hutoa taarifa, uzi mnene huifikisha kwenye ugwe, msuli hujibu. Mguu usiotoa taarifa ya mkao wake usingeweza kuruka. Katika konzo taarifa hufika kama kawaida, na kilichopotea ni ile sauti ya kutuliza kutoka juu.

Mtu asiyeuliza habari ya hisi na ya mwitiko wa goti huweza kuiita konzo polio. Polio huua seli za mwisho zinazoamuru misuli, kwa hiyo mguu hulegea na kukonda, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine, na goti haliitiki. Kosa hilo lina madhara nje ya hospitali. Polio huzuiwa kwa chanjo, na konzo huzuiwa jikoni. Kijiji kinachoambiwa kwamba watoto wake wana polio kitasubiri chanjo, huku unga uleule ukiendelea kuliwa.

Aina ya tatu ya uharibifu hukamilisha picha. Katika miaka ya 1960, daktari Benjamin Osuntokun alichunguza kusini-magharibi mwa Nigeria wagonjwa waliokula muhogo kwa miaka mingi. Wengi wao walikuwa watu wazima, na ugonjwa wao ulikuja polepole. Walipoteza hisi ya mkao na ya mtetemo miguuni, walitembea wakiyumba, na baadhi walipungukiwa na uwezo wa kuona na kusikia. Hao ndio waliokatika njia ambayo ukoma na konzo huiacha. Osuntokun naye aliihusisha hali hiyo na sayanaidi ya muhogo. Iwapo uhusiano huo ni sahihi, basi chakula kimoja huweza kuikata njia ya kushuka kwa siku chache, au kuila njia ya kupanda kwa miaka mingi.

5.0 Maji ya Uwanda

Maradhi haya mawili hayana chanzo kimoja. Ukoma huletwa na vimelea, konzo na sumu. Hata hivyo, katika uwanda wa Makonde yote mawili yanakutana na suala la maji. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga na hunyonya mvua upesi, na juu yake hakuna mito. Masimulizi ya asili ya Wamakonde, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, yanaeleza kwamba watoto wa kwanza waliozaliwa karibu na maji walikufa, na kwamba yule aliyezaliwa juu, mbali na maji, ndiye aliyeishi. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangazwa na watu waliokubali kushuka mteremko na kupanda tena kwa ajili ya maji ya kila siku. Mradi wa kusukuma maji hadi juu ya uwanda ulianza katika miaka ya 1950, na Finland iligharimia miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970. Pampu zilipokosa mafuta au vipuri, kazi ilirudi kwenye vichwa vya wanawake.

Kati ya njia bora za kuondoa sumu ya muhogo mchungu ni kuuloweka mzima majini kwa siku tatu au zaidi, kama wafanyavyo watu wengi wa bonde la Kongo. Mahali ambapo ndoo moja hugharimu safari ya saa kadhaa, kuloweka muhogo wa kaya nzima ni anasa. Kukausha juani, ambako huacha sumu nyingi zaidi, ndiyo njia inayowezekana, na chinyanya ni njia hiyohiyo iliyofupishwa na njaa. Vivyo hivyo, ushauri wa kuloweka miguu kwa nusu saa kila siku, ulio wa kawaida katika huduma ya ukoma, unamtaka mtu mwenye miguu isiyohisi ashuke na kupanda mteremko wa mawe ili apate maji ya kuitunza miguu hiyo. Ushauri ulio sahihi kwa neva huweza kuwa hatari kwa njia inayopitwa.

Kwa sababu hiyo, njia ya kulowesha unga iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa pia kusini mwa Tanzania ina umuhimu unaozidi ukubwa wake. Unga wa muhogo huchanganywa na maji kidogo, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na huachwa kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichomo kwenye unga huivunja sumu, na sayanaidi hutoka kama hewa. Baada ya hapo ugali hupikwa siku hiyohiyo. Maji yanayohitajika ni sehemu ndogo ya yale ya kuloweka muhogo mzima, na mwanamke wa Newala anaweza kuyamudu.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba mguso, maumivu, mkao wa mwili na amri ya mwendo ni mambo manne yanayokaa katika mguu mmoja na kusafiri kwa njia tofauti. Ukoma katika Masasi na Newala umewapata watu waliojua mguu uko wapi bila kujua umepatwa na nini. Konzo, ilipoingia mkoa wa Mtwara, iliwapata watu waliojua yote hayo na wasiweze kuutuma mguu. Historia iliyowaita wa kwanza waliopona na wa pili waliopooza ilikuwa sahihi kwa vipimo vyake, ila iliacha nje jambo ambalo wagonjwa wenyewe waliishi nalo kila siku.

Kuna matokeo mawili ya kiutendaji. Kwanza, kipimo cha hisi hakihitaji mashine. Kipande cha pamba, macho yaliyofumbwa, kidole gumba kilichoinuliwa na nyundo ndogo vinatosha kuonesha ni njia ipi iliyokatika, na mhudumu wa zahanati ya kijiji anaweza kujifunza hayo kwa muda mfupi. Pili, ulinzi wa neva hauishii kwenye dawa. Katika uwanda usio na mto, bomba linalotoa maji na unga uliolowekwa kwa saa mbili ni sehemu ya tiba ya neva, sawa na kidonge. Mtoto wa konzo anayetambaa huhisi ardhi yote anayoipita, kila kokoto na kila mwiba. Wanaomhudumia wanapaswa kulijua hilo kabla ya kusema kwamba miguu yake imekufa.